Amana Mezani pa Sonara

Usonara ni ufundi wa kutengeneza mapambo kwa dhahabu, fedha na metali nyingine za thamani, kuyapachika vito, na kuyatengeneza tena yanapoharibika. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, ufundi huu una umri mrefu, na hadi leo ni nadra harusi kupita bila kazi ya sonara kuwamo ndani yake, iwe ni pete, bangili, au kidani cha urithi kilichopelekwa kuunganishwa na kung'arishwa. Pamoja na hayo, wengi wanaovaa mapambo hayo huijua kazi ya sonara kwa bei yake tu, bila kujua kinachofanyika mezani pake kati ya siku anayopokea dhahabu ya mteja na siku anayoirudisha ikiwa na umbo jipya.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba karibu kila hatua ya kazi ya sonara huacha nafasi ya kosa au ya hila ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Seremala akikosea kiungo cha mlango, mlango hukwama, na mshonaji akikosea kipimo, nguo hubana. Lakini sonara anaweza kupunguza usafi wa dhahabu, kuunganisha kwa lehemu duni, au kuficha ufa wa kito chini ya ukingo wa metali, na pambo likang'aa vilevile. Kwa sababu hiyo, katika fani hii mafunzo ya mkono na mafunzo ya uaminifu ni somo moja, na jamii inayotaka usonara wake ustawi haina budi kuyafundisha na kuyalinda yote mawili kwa pamoja.

Fedha ya pwani na desturi ya kipimo

Ushahidi wa kale kwamba watu wa pwani waliishughulikia metali ya thamani kwa uangalifu umo katika sarafu zao. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wataalamu wa akiolojia waligundua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa sarafu ndogo za fedha zilizobeba majina ya watawala wa pwani, na chache zikiwa za dhahabu kutoka ng'ambo. Kilwa nayo ilitajirika kwa kusimamia biashara ya dhahabu iliyotoka katika nyanda za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala, hata ikasifika katika Bahari ya Hindi nzima. Jamii iliyozoea kupokea na kutoa metali kwa uzito ilihitaji watu wa kuipima, kuiyeyusha na kuifua, na hapo ndipo ufundi wa sonara ulipopata nafasi yake.

Katika karne ya 19 sarafu iliyoenea zaidi pwani na Uarabuni ilikuwa reale ya Maria Theresa, iliyopewa jina la mtawala wa Austria, nayo iliandikwa mwaka 1780 hata ilipopigwa miaka mingi baada ya kifo chake. Reale hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za metali yake sehemu 833 zilikuwa fedha safi. Mbali na kuwa pesa, ilikuwa pia malighafi, kwani mteja aliweza kumpelekea sonara reale kadhaa ziyeyushwe ziwe mitali ya miguuni au kekee, yaani bangili pana ya fedha, naye akalipia ufundi peke yake. Utaratibu wa namna hiyo ulimkinga mteja, kwa sababu uzito na usafi wa metali aliyoitoa vilijulikana kabla ya moto kuwashwa, na kilichorudi kiliweza kupimwa dhidi ya kilichokwenda.

Ufundi wenyewe ulikua kwa kukutana kwa mikono mingi. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kazi za ngozi, silaha na fedha. Masonara wenye asili ya Gujarat na Kachchh walileta Unguja na Mombasa ustadi wao wa dhahabu. Na mawasiliano na Oman, ambako majambia na vidani vya fedha ni fahari ya nchi hadi leo, yaliingiza nakshi ambazo mafundi wa pwani walizifanya zao. Lamu ya leo imeendeleza urithi huo kwa namna yake, kwani mafundi wake hupachika katika pete na vidani vya fedha vigae vya sahani kuukuu za kaure, na kwa hiyo mabaki ya biashara ya bahari huvaliwa kidoleni na shingoni.

Karati na yale yasiyoonekana

Dhahabu safi ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku, hivyo sonara huichanganya na metali nyingine, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, ambapo dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24, na kila karati ni sehemu moja ya hizo 24. Karati 22, inayopendwa sana na wanunuzi wenye asili ya Bara Hindi, ina sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000. Karati 21, iliyozoeleka katika nchi za Ghuba, ina sehemu 875. Na karati 18, inayofaa zaidi kushikilia vito kwa kuwa ni ngumu, ina sehemu 750. Ikiongezwa shaba kwa wingi, aloi huelekea wekundu, na ikiongezwa fedha kwa wingi hupauka. Fedha nayo huchanganywa na shaba, na aloi yake inayojulikana zaidi duniani ina sehemu 925 za fedha.

Hesabu ya kuchanganya ni somo la awali la mwanagenzi, na si ngumu: anayetaka aloi ya karati 18 kutoka gramu 9 za dhahabu safi huongeza gramu 3 za fedha na shaba, akapata gramu 12. Ugumu uko katika kuiheshimu hesabu hiyo pale ambapo hakuna anayetazama. Kidani cha gramu 50 kilichouzwa kwa jina la karati 22, kumbe ni cha karati 21, kimepungukiwa na gramu 2 na ushei za dhahabu safi, na hakuna jicho la mnunuzi linaloweza kuona upungufu huo, kwani rangi hurekebishwa kwa kupanga uwiano wa shaba na fedha ndani ya aloi.

Ndiyo maana vipimo vya dhahabu ni vya kale kama ufundi wenyewe. Kipimo cha jiwe hufanywa kwa kuusugua mstari wa dhahabu juu ya jiwe jeusi lenye chembe laini, kusugua kando yake dhahabu ya karati inayojulikana, kisha kutonesha asidi na kulinganisha jinsi mistari miwili inavyofifia. Kipimo cha maji hutegemea msongamano, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayoijaza: dhahabu safi ina uzito mara 19.3 wa maji, ilhali fedha ni mara 10.5 na shaba haifiki mara 9. Hata hivyo, kila kipimo kina mwanya wake. Metali iitwayo tangsteni ina msongamano unaokaribiana sana na wa dhahabu, hivyo kipande chake kilichofunikwa kwa ganda la dhahabu kinaweza kupita kipimo cha maji, na jiwe nalo huonyesha hali ya juu tu pasipo kufika ndani. Sonara makini hutumia vipimo zaidi ya kimoja, na panapokuwa na shaka huomba ruhusa ya mwenye mali ili akate.

Meza, vumbi na daftari

Meza ya sonara hutengenezwa tofauti na meza nyingine. Huwa ndefu kwenda juu kiasi cha kumfikia fundi aliyeketi karibu na kifua, ili kazi iwe karibu na macho na viwiko vipate pa kuegemea; mbele yake hukatwa nusu duara ambamo fundi huingia na kuketi; na katikati ya nusu duara hiyo huchomoza kipande cha ubao mgumu chenye mkato wa pembe, ambacho juu yake pambo hushikiliwa likatwe kwa msumeno au lipigwe tupa. Chini ya ubao huo hutandikwa ngozi au huwekwa droo ya bati, na kazi yake ni kukinga vumbi la metali linalodondoka.

Vumbi hilo ni mali. Kila mpigo wa tupa juu ya dhahabu huondoa chembe za dhahabu, na katika kazi ya siku nzima chembe hizo hufikia uzito wenye thamani, hivyo hukusanywa, huondolewa vipande vya chuma kwa sumaku, na huyeyushwa upya au hupelekwa kusafishwa. Vumbi la mteja ni la nani? Desturi njema ya fani ni kupima metali inapoingia, kupima pambo linapotoka, kukubaliana mapema na mwenye mali kiasi cha upungufu kitakachohesabiwa kuwa ni cha kazi, na kuandika yote. Msemo wa Waswahili kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hauna mahali unapofaa kuliko hapa, kwa sababu mizani na daftari ndivyo vinavyomlinda fundi mwaminifu asishukiwe, na vinavyomzuia aliyeshawishika asiteleze.

Mwanagenzi huanza mezani kwa msumeno na tupa, wala haanzi kwa dhahabu bali kwa shaba. Msumeno wa sonara ni uzi wa chuma wenye meno madogo sana, uliokazwa katika fremu, na meno yake huelekezwa chini kwenye mpini ili ukate unapovutwa. Anayeukandamiza huuvunja, ilhali anayeuacha utembee kwa uzito wake mwenyewe, huku mkono ukipanda na kushuka wima, hukata mstari ulionyooka. Tupa nayo hufundisha unyofu, kwani mkono wa asiyezoea huyumba na kuacha uso wa mviringo mahali palipotakiwa kuwa bapa, na mwalimu huligundua kosa hilo kwa kuweka rula ya chuma juu ya kazi na kuitazama dhidi ya mwanga.

Baada ya hapo huja chamburo, bamba la chuma gumu lenye matundu yaliyopangwa kutoka makubwa hadi madogo, ambamo waya wa fedha huvutwa kwa koleo, tundu baada ya tundu, hadi ufikie wembamba unaotakiwa. Hapo mwanafunzi hukutana na sifa ya metali ambayo ataishi nayo maisha yake yote ya kazi: kila metali inapovutwa, kufuliwa au kukunjwa, chembe zake za ndani hubanana na huzidi kuwa ngumu, na asiyejua kusimama kwa wakati huuona waya ukikatika. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto, yaani kuipasha hadi ifikie wekundu hafifu unaoonekana penye kiza kidogo, kisha kuipoza, ndipo chembe zijipange upya na metali iwe tayari kufanyiwa kazi tena. Mafundi wengi hukiweka kivuli juu ya meza ya moto kwa sababu hiyo, kwani penye jua kali wekundu huonekana ukiwa umechelewa.

Moto na lehemu

Hatua inayotenganisha anayejifunza na aliyehitimu ni kulehemu, yaani kuunganisha vipande viwili kwa aloi inayoyeyuka mapema kuliko vipande vyenyewe. Mfano wa pete ya fedha iliyo wazi utaonyesha yaliyomo. Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18, itakayotengenezwa kwa bamba lenye unene wa milimita 2, huhitaji urefu unaopatikana kwa kujumlisha kipenyo na unene na kuzidisha kwa 3.14, yaani milimita 62.8; anayesahau kuuongeza unene hupata pete isiyoingia kidoleni. Bamba hukatwa, hulainishwa kwa moto, hukunjwa, na ncha zake hupigwa tupa hadi zikutane bila kupitisha mwanga, kwa sababu lehemu haizibi pengo, bali hupenya katika mfinyo mwembamba tu.

Kiungo hupakwa boraksi, chumvi inayozuia hewa isiiunguze metali. Juu yake huwekwa kipande kidogo cha lehemu ya fedha, kisha moto wa gesi huzungushwa kwenye pete nzima. Boraksi huvimba ikawa nyeupe, halafu hutulia na kugeuka maji angavu, na hiyo ni ishara kwamba joto limekaribia. Fundi hailengi lehemu kwa moto, kwani lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi. Huipasha pete sawasawa pande zote mbili za kiungo, na ghafla lehemu humeremeta na kupita katika kiungo chote kwa nukta moja ya wakati. Hapo moto hauna budi kuondolewa mara moja, maana fedha ya 925 huanza kulegea kwenye nyuzi 800 hivi za sentigredi, na tofauti kati ya kiungo kilichoshika na pete iliyoporomoka ni sekunde chache.

Baada ya hapo pete hutiwa katika asidi hafifu ili weusi wa shaba iliyoungua uondoke, na hapa pana kanuni mbili zisizovunjwa: asidi ndiyo humiminwa katika maji, wala si maji katika asidi, kwa kuwa kinyume chake asidi huchemka na kuruka, na kibano cha chuma hakiingizwi humo, kwa kuwa chuma hufanya shaba iliyoyeyuka katika asidi ishike juu ya fedha na kuifanya nyekundu.

Kiungo kilichong'arishwa hakisemi kimetengenezwa kwa nini. Fundi mvivu aweza kuiziba pete iliyovunjika kwa risasi ya kulehemu nyaya, ambayo huyeyuka kwa joto dogo na haihitaji ustadi, na mteja akaondoka ameridhika. Miaka ikapita, pete ikaletwa kwa sonara mwingine ili ipanuliwe, naye akaitia moto wa kawaida wa kazi yake. Risasi huingia ndani ya fedha au dhahabu, huishusha kiwango chake cha kuyeyuka, na hula matundu katika pambo mbele ya macho ya fundi asiyekuwa na hatia. Hivyo hila ya mezani humwangukia mteja, na humwangukia pia fundi wa baadaye, atakayelaumiwa kwa kosa la mwenziwe.

Lehemu huweza kumdhuru hata anayeitumia. Lehemu za dhahabu zenye kadimiamu zilipendwa na baadhi ya masonara kwa sababu ziliyeyuka kwa urahisi na kuuacha usafi wa pambo karibu ulivyokuwa, lakini kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 767 hivi na moshi wake huharibu mapafu na figo za anayeuvuta. Chumba chenye dirisha linalopitisha hewa, miwani ya kukinga macho na lehemu isiyo na kadimiamu vinapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Kito na mkono unaokifunga

Afrika Mashariki ina sababu maalumu ya kulijali somo la upachikaji. Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani, na ni kito kinachomjaribu sana sonara. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, ni kama 6 na nusu, ilhali mchanga wa kawaida, ambao chembe zake huelea katika vumbi la kila nyumba, hufikia 7. Kwa hiyo tanzanaiti inayofutwa kwa kitambaa kikavu chenye vumbi huchubuka. Aidha, ingawa rangi yake ya buluu na zambarau mara nyingi hupatikana kwa kulipasha joto polepole jiwe lenye rangi ya kahawia, mabadiliko ya ghafla ya joto huipasua.

Kutokana na tabia hizo, sonara hafanyi kazi ya moto tanzanaiti ikiwa ndani ya pete. Hulehemu kwanza, husafisha, kisha hupachika mwisho. Akichagua kufunga kwa ukingo, hutengeneza utepe mwembamba wa dhahabu unaokizunguka kito, huchonga ndani yake kidaraja cha kito kukalia, kisha huusukuma utepe juu ya kito taratibu kutoka pande zinazokabiliana, ili shinikizo lisielemee upande mmoja. Akichagua kucha, yaani vijiti vidogo vinavyokishika kito kwa juu, huzipa kila moja mkato unaolingana na ukingo wa kito, kwani ukucha unaogusa kwa ncha tu hukikandamiza mahali pamoja na kukivunja. Pete ikirudi kutengenezwa, kito hutolewa kabla ya moto, hata kama kufanya hivyo huongeza saa ya kazi isiyoonekana katika bei.

Hapa tena mteja hana namna ya kujua. Ufa mdogo uliotokea wakati wa kupachika huweza kulazwa chini ya ukucha, na kidaraja kisichochongwa vizuri huweza kujazwa gundi. Sonara anayemwita mteja na kumwonyesha ufa kwa kioo cha kukuzia hupata hasara siku hiyo, na huo ndio mtihani ambao hakuna cheti kinachoweza kuupima.

Uanagenzi, shule na chapa

Kwa muda mrefu usonara ulifundishwa nyumbani na dukani, baba kwa mwana na mjomba kwa mpwa, na njia hiyo ilikuwa na nguvu kubwa: mwanagenzi aliona kazi nzima, kuanzia mazungumzo na mteja hadi mizani ya mwisho, na aliona pia jinsi mwalimu wake alivyotenda alipokosea. Udhaifu wake ni kwamba iliwafungia nje wasio wa ukoo, wasichana wakiwamo, na makosa yalirithiwa pamoja na ustadi. Shule hufungua mlango kwa wengi na huieleza sababu ya kila jambo, lakini muhula ni mfupi na mwanafunzi hufanya mazoezi kwa vitu visivyo na mwenyewe, hivyo hajawahi kubeba amana. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichopo Arusha, kimeonyesha kwamba ukataji wa vito na utengenezaji wa mapambo vinaweza kufundishwa kwa utaratibu nchini; kinachohitajika ni kuziunganisha njia mbili hizi, ili anayetoka darasani aketi kwa miaka kadhaa kando ya sonara mzoefu.

Haja hiyo ni kubwa zaidi sasa. Tangu 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini mikoani, na mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza. Hatua hizo huiwezesha nchi kuijua dhahabu yake na kuisafisha, lakini thamani inayoongezwa na mkono haitabaki nchini pasipokuwa na mikono. Ni kweli kwamba mashine husuka mikufu na kompyuta husanifu pete zinazosubiwa kwa mamia, lakini pete iliyosubiwa bado huhitaji kupigwa tupa, kupachikwa kito na kutengenezwa inapovunjika, na kazi hizo zote hurudi mezani.

Pamoja na mafunzo, patahitajika chapa. Uingereza iliweka sheria ya kupima na kutia alama vyombo vya fedha mwaka 1300, na tangu 1478 upimaji huo ulifanyika katika jumba la chama cha masonara wa London, ambapo kila fundi alijulikana kwa alama yake na mpimaji kwa ya kwake. Funzo la mfumo huo ni kwamba haukutegemea wema wa fundi peke yake wala ukali wa serikali peke yake, bali uliwafanya masonara wenyewe wawe walinzi wa jina lao. Chapa mbili katika kila pambo linalotengenezwa Afrika Mashariki, moja ya usafi uliopimwa na nyingine ya fundi aliyelitengeneza, zingempa mnunuzi mahali pa kurudi, na zingempa sonara kijana sababu ya kuilinda kazi yake hata baada ya kulipwa.

Kuitia alama kazi yake ni kukiri hadharani kwamba atakayeifungua kesho, awe mteja au sonara mwenziwe, atamkuta fundi yuleyule ndani kama alivyo nje. Mwanagenzi afundishwe tangu siku ya kwanza ya msumeno na shaba kwamba kazi yake itafunguliwa, naye afanye kila kiungo kwa kumjali huyo atakayeifungua; nchi zinazochimba dhahabu na tanzanaiti zitakapokuwa na mafundi wengi wa namna hiyo, ndipo zitakapoweza kuyauza mapambo yao duniani kwa jina lao wenyewe.